Majimbo Yalikufa Hazinani, si Bungeni

Kila mwaka, kati ya Machi na Juni, Kenya hushuhudia mvutano ambao sasa umezoeleka kama msimu wa mvua. Bunge la Taifa hupendekeza kiasi cha fedha za kugawiwa kaunti 47, Seneti hudai kiasi kikubwa zaidi, kamati ya upatanishi huundwa, na wakati huohuo magavana hutishia kusimamisha huduma kwa sababu hata fedha za mwaka unaomalizika hazijawafikia zote. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, mgao wa kaunti uliokuwa umekwisha kupitishwa kuwa shilingi bilioni 400 ulipunguzwa hadi takriban bilioni 387. Mwaka uliofuata maafikiano yalipatikana katika bilioni 415, baada ya vuta nikuvute nyingine. Wachambuzi wengi, na raia wengi waliochoka, husema kwamba huu ni ugomvi wa wanasiasa wanaogombea sahani moja, na kwamba mwananchi hana hisa ndani yake. Wengine huongeza somo la historia: kwamba mfumo wa majimbo, yaani mikoa yenye mabaraza na madaraka yake yenyewe, ulijaribiwa mwaka 1963, ukafa baada ya muda mfupi kwa kuwa wananchi hawakuutaka, na kwamba ugatuzi wa leo ni mzuka wa jaribio lile lililoshindwa.

Naamini tafsiri hii inakosea kuhusu yaliyopita, na kwa sababu hiyo inakosea kuhusu yaliyopo. Majimbo ya 1963 hayakuwekwa mbele ya wananchi yakakataliwa. Yalinyimwa fedha, watumishi na muda mpaka wale waliopaswa kuyalinda wakayaacha wenyewe. Hati ya kifo ilitiwa sahihi Bungeni mwishoni mwa 1964, lakini mgonjwa alikuwa amekwisha kukata roho, na mahali alipofia ni hazinani. Anayelielewa hilo hawezi kuuona mvutano wa mgao kama kelele za pembeni zinazouzunguka ugatuzi. Mvutano huo ndio ugatuzi wenyewe, kwa maana ni hapo panapoamuliwa kama kaunti ni serikali au ni idara zenye bendera.

Turudi nyuma kidogo. Vyama vya KANU na KADU vyote viliundwa mwaka 1960, baada ya mkutano wa kwanza wa katiba ya Kenya katika Lancaster House, London, kuonyesha wazi kwamba Mwingereza anaondoka. KADU iliwakusanya viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa na muungano wa Wakikuyu na Wajaluo uliokuwa nguzo ya KANU: Ronald Ngala kutoka Pwani, Masinde Muliro kutoka Magharibi, Daniel arap Moi na Taita Towett kutoka kwa Wakalenjin, Justus ole Tipis kutoka kwa Wamaasai. Hofu yao haikuwa ya vitabuni. Ardhi ambayo walowezi waliitwaa katika Bonde la Ufa ilikuwa karibu kubadili mikono, na swali lililowakosesha usingizi ni ingekwenda mikononi mwa nani. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa, na Ngala akaunda serikali kwa msaada wa Wazungu wa mrengo wa Michael Blundell. Ni katika kipindi hicho ndipo KADU ilipotangaza mpango wa majimbo. Walowezi kama Wilfred Havelock walishiriki kuubuni, na mwanasheria kutoka Uswisi, Edward Zellweger, aliletwa kuushauri uongozi wa chama kuhusu namna nchi yenye jamii nyingi inavyoweza kugawana madaraka.

Mkutano wa pili wa Lancaster House, kati ya Februari na Aprili 1962, ndio ulioyakubali majimbo. KANU ilitia sahihi kwa shingo upande. Viongozi wake, Oginga Odinga miongoni mwao, walieleza baadaye bila kuficha kwamba walikubali katiba wasiyoitaka ili uchaguzi ufanyike na uhuru upatikane, wakijua kwamba aliye serikalini ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha katiba. Nasisitiza jambo hili kwa sababu linasahauliwa kila mara: mmoja kati ya wahusika wawili wa mapatano aliingia akiwa tayari na nia ya kutoka. Shirikisho linaloanza hivyo huanza likiwa na mlinzi mmoja tu langoni.

Kwa maandishi, hata hivyo, ulinzi ulikuwa mkubwa. Nchi iligawanywa katika majimbo saba, yaani Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, na Nairobi ikawekwa kando kama eneo la mji mkuu. Kila jimbo lilipewa baraza lake la kutunga sheria na rais wake wa jimbo, pamoja na madaraka juu ya elimu ya msingi, afya, sehemu ya polisi na, muhimu kuliko yote kwa KADU, usimamizi wa ardhi. Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja kwa Nairobi, iliundwa ili kuyalinda majimbo hayo. Kubadilisha vifungu vya kawaida vya katiba kulihitaji asilimia 75 ya kura katika kila bunge. Kubadilisha vile vilivyolindwa zaidi kulihitaji asilimia 90 ya Seneti. Maana yake ni kwamba maseneta 5 tu wangetosha kuzuia mabadiliko. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda nchi kwa jumla, lakini KADU ilishinda mabaraza ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Tarehe 1 Juni 1963 Kenyatta akawa Waziri Mkuu, serikali ya madaraka ikaanza, na majimbo nayo yakaanza. Aliyesoma katiba ile siku ile angeapa kwamba haitaweza kuguswa kwa muda wa kizazi kizima, na bado mfumo wake ulidumu takriban miezi 18 tu.

Jawabu la swali la nini kilitokea halipatikani kwa kusoma vifungu, bali kwa kufuatilia mambo mawili ya kila siku ambayo wanahistoria wa siasa huyapitia haraka: nani aliajiri watumishi, na fedha zilipita wapi. Tuanze na watumishi. Majimbo yalizaliwa bila makarani, bila wahasibu, bila wahandisi wao wenyewe. Waliokuwa wakuu wa wilaya chini ya ukoloni walibadilishwa jina wakaitwa mawakala wa serikali ya jimbo, na juu yao akawekwa katibu wa jimbo, lakini watu walikuwa walewale, waliazimwa kutoka serikali kuu, na matumaini yao ya kupandishwa cheo yalikuwa Nairobi. Kisha, katika mkutano wa tatu wa London wa Septemba na Oktoba 1963, KANU ilishinikiza na Duncan Sandys, waziri wa makoloni, akakubali kwamba pawe na tume moja tu ya utumishi wa umma kwa nchi nzima na kwamba mamlaka ya serikali kuu juu ya polisi yaongezwe. Hii ilikuwa miezi minne tu baada ya majimbo kuanza, na kabla bendera ya Uingereza haijashushwa. KADU ilipaza sauti, na baadhi ya viongozi wake wakatishia kujitenga na kuunda nchi yao. Tishio hilo liliwaharibia sifa bila kuwapatia chochote. Tangu siku hiyo, mtumishi wa jimbo alikuwa na mabwana wawili, mmoja anayemwamuru na mwingine anayemlipa, na hakuna haja ya kueleza alimsikiliza nani.

Upande wa fedha ulikuwa mgumu zaidi. Kodi kubwa za nchi, yaani ushuru wa forodha na kodi ya mapato, zilikusanywa na idara za pamoja za Afrika Mashariki, chini ya lile shirika la huduma za pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha fungu la Kenya likafika katika Hazina ya Nairobi. Jimbo halikuligusa. Bandari ya Mombasa ilikuwa ndani ya Jimbo la Pwani, na kila mzigo uliokwenda Kampala au Kisumu ulilipiwa ushuru hatua chache kutoka ofisi za baraza la Pwani, lakini baraza hilo lilisubiri mgao wake kutoka Nairobi kama jimbo lolote la bara. Vyanzo vyao wenyewe vilikuwa ada na leseni ambazo hazikutosha kuendesha shule, seuze hospitali na barabara. Serikali kuu, ambayo haikuutaka mfumo huu tangu mwanzo, haikuwa na haja ya kuvunja sheria yoyote ili kuudhoofisha. Ilitosha kukabidhi madaraka polepole, kuchelewesha maelekezo, kubishana kuhusu tafsiri ya kifungu hiki na kile, na kuacha miezi ipite. Mkono mtupu haulambwi. Mwananchi wa Kakamega au Kilifi aliyepeleka shida yake katika baraza la jimbo aliambiwa asubiri. Akiipeleka kwa mbunge wa KANU aliambiwa kwamba Nairobi italishughulikia. Hakuhitaji mhadhara wa sheria ya katiba ili kujua mlango upi una kitu nyuma yake.

Muda nao haukuwa upande wa majimbo. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki, ambako wakazi wengi wa asili ya Kisomali walitaka kuungana na Somalia na ambako uchaguzi wa Mei ulisusiwa. Januari 1964 yakaja Mapinduzi ya Zanzibar, kisha maasi ya wanajeshi Tanganyika, Uganda na katika kambi ya Lanet karibu na Nakuru. Nchi changa ikajiona imezungukwa na moto. Katika hali hiyo kila aliyetaka madaraka yakusanywe mahali pamoja alikuwa na hoja nyepesi ya kutoa, na kila aliyetetea baraza la jimbo alionekana kama mtu anayepanga viti nyumba ikiungua. Siwalaumu wananchi waliotishika. Mimi pia ningetishika. Ninachosema ni kwamba hofu hiyo ilielezea kwa nini jeshi na usalama vikae Nairobi, ambako tayari vilikuwa. Haikueleza kwa nini zahanati ya Voi isimamiwe kutoka Nairobi.

Kufikia katikati ya 1964 wabunge na maseneta wa KADU walikuwa wanahama mmoja mmoja. Chama cha APP cha Paul Ngei, kilichokuwa kimejitenga na KANU, kilikuwa kimerudi humo tangu mwaka uliotangulia. Serikali ilitangaza nia ya kuifanya Kenya jamhuri na kuondoa madaraka makuu ya majimbo, na ikasema kwamba Seneti ikikataa, itaitisha kura ya maoni. Kura hiyo haikupigwa. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba KADU inavunjwa na wanachama wake wanajiunga na serikali. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Moi, aliyekuwa rais wa Jimbo la Bonde la Ufa, akawa waziri wa mambo ya ndani. Mwaka 1967 makamu wa rais. Mwaka 1978 rais wa nchi. Mabaki ya mfumo yaliondolewa kwa awamu. Mwaka 1965 majimbo yakawa mikoa, mabaraza yao yakashushwa hadhi, na kiwango cha kura za kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwishoni mwa 1966 Seneti ilikubali kujiunga na Bunge la chini kwa sharti la kupatiwa majimbo 41 mapya ya uchaguzi, ndipo idadi ya wabunge wa kuchaguliwa ikawa 158. Mwaka 1968 mabaraza ya mikoa yakafutwa kabisa, na mkuu wa mkoa akarudi katika kiti alichokikalia enzi ya gavana wa kikoloni, akiwajibika kwa mtu mmoja tu.

Kuna hati nyingine ya kipindi hicho ambayo haitajwi katika mjadala huu na ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoonyesha gharama yake. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, uliamua kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoleta ongezeko kubwa la mazao: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Katika nchi yenye majimbo yanayofanya kazi, uamuzi kama huo ungekutana na mabaraza saba na Seneti iliyoundwa kwa ajili ya kuuliza: na Garissa je? Na Turkana? Na Tana River? Mwaka 1965 hapakuwa na wa kuuliza swali hilo akiwa na kura ya kulitetea. Pengo lililochimbwa hapo ndilo ambalo Katiba ya 2010 ililazimika kuliundia hazina maalumu ya usawazishaji, miaka 45 baadaye.

Je, Kenya ilikuwa na bahati mbaya ya pekee? Hapana. Australia iliungana kuwa shirikisho tarehe 1 Januari 1901 kutoka makoloni sita, na swali la kwanza lililowagonganisha waasisi wake lilikuwa hilihili la ushuru wa forodha. Katiba yao iliweka sharti kwamba kwa miaka 10 ya mwanzo serikali kuu isitumie zaidi ya robo ya mapato ya forodha, na robo tatu ziwarudie majimbo. Mwaka 1902 Alfred Deakin, aliyekuwa mwanasheria mkuu na baadaye waziri mkuu, aliandika kwamba majimbo yameachwa huru kisheria lakini yamefungwa kifedha kwenye magurudumu ya gari la vita la serikali kuu. Miaka 10 ilipokwisha, robo tatu zile ziliondolewa na mahali pake ikaja ruzuku ya shilingi 25 kwa kila mkazi. Hata hivyo Australia haikurudi kuwa nchi ya serikali moja, na sababu inafaa kutufikirisha. Majimbo yake yaliitangulia serikali kuu. Yalikuwa na reli zao, watumishi wao, mahakama zao na kodi zao kabla shirikisho halijazaliwa. Hayo ndiyo yaliyoizaa serikali kuu ya Canberra. Kenya mambo yalikuwa kinyume: serikali kuu ilikuwa na miongo mingi ya mazoea ya kutawala, na majimbo yalikuwa mtoto wake mchanga, asiyetakiwa. Kwa hiyo kifungu cha fedha ambacho kwa Australia kilikuwa jambo la ugomvi, kwa Kenya kilikuwa jambo la uhai.

Karibu nasi zaidi kuna Eritrea, iliyoungana na Ethiopia kama shirikisho Septemba 1952 kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa. Huko pia fungu la Eritrea katika ushuru wa forodha lilibaki mikononi mwa serikali ya mfalme, likawa chanzo cha malalamiko ya kudumu, na bunge la Asmara likadhoofika hatua kwa hatua hadi Novemba 1962 lilipojifuta lenyewe. Vita vilivyofuata vilidumu takriban miaka 30. Sisemi kwamba ushuru ndio uliosababisha vita. Palikuwa na mengi. Nasema kwamba bunge lisilo na fedha hujifuta kwa mkono wake, na anayeliangalia kutoka mbali hudhani lilijifuta kwa hiari.

Sasa tuzipime hoja za upande wa pili, kwa maana zipo na baadhi zina uzito. Hoja ya kwanza ni kwamba majimbo yalikuwa mradi wa walowezi. Ni kweli kwamba walowezi waliupenda mpango huu na walichangia fedha na maarifa, na ni kweli kwamba walitumaini serikali kuu dhaifu ingewaachia mashamba. Lakini aliyesaidia kubuni kitu si lazima awe sababu ya wengine kukihitaji. Wapiga kura wa Pwani na Magharibi waliochagua KADU Mei 1963 hawakuwa walowezi, na walichokitaka, yaani shule, ardhi na sauti, hakikuwa siri ya Mzungu. Hoja ya pili ni ya gharama: nchi maskini yenye wasomi wachache ingewezaje kuendesha mabaraza saba, mabunge mawili na marais wa majimbo? Hii ni hoja ya kweli. Jibu langu ni kwamba ilikuwa sababu ya kupunguza mfumo, kuunganisha huduma, kupunguza idadi ya majimbo labda. Haikuwa sababu ya kumrudisha mkuu wa mkoa asiyechaguliwa na mtu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na sipendi kuona watetezi wa ugatuzi wakiipita kwa haraka. Ni kwamba majimbo yalikuwa jina la heshima la ukabila, na kwamba kumpa jimbo ardhi kulikuwa kumpa leseni ya kuwafukuza “wageni”. Mimi ni mtu wa Pwani, na nakumbuka Agosti 1997, wakati wa machafuko ya Likoni, jinsi neno majimbo lilivyotamkwa nyumbani kwetu kwa sauti ya chini huku majirani zetu kutoka bara wakifunga virago usiku. Bonde la Ufa ilikuwa imeyaona hayo tangu 1991. Aliyeshuhudia hayo hawezi kusema kwamba hofu ya ukabila ni porojo. Lakini tuangalie tarehe kwa uangalifu. Machafuko hayo yalitokea katika nchi yenye serikali moja, rais mwenye nguvu zote na wakuu wa mikoa aliowateua yeye, miaka zaidi ya 25 baada ya majimbo kufutwa. Kilichoua majirani wetu si baraza la jimbo, halikuwapo. Chuki ya ardhi iliyokuwa imeachwa bila pahali pa kuzungumziwa ilichochewa na watu waliotaka kubaki madarakani Nairobi. Hata hivyo nakubali kwamba mfumo wa 1963, kwa kuikabidhi ardhi kwa mabaraza yenye sura ya kikabila, ulibeba hatari hii tangu siku ya kwanza, na kwamba Katiba ya 2010 ilifanya vyema kuiweka ardhi ya umma chini ya tume ya kitaifa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba majimbo yalikufa kwa sababu wananchi hawakuyataka, na ushahidi ni kwamba KADU ilijivunja yenyewe. Kwanza, kura ya maoni iliyotishiwa haikufanyika, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ingekwendaje. Pili, kura pekee iliyopigwa majimbo yakiwa mezani ni ile ya Mei 1963, ambayo ilitoa majibu mawili kwa pamoja: nchi kwa jumla iliipa KANU serikali kuu, na majimbo matatu kati ya saba yaliipa KADU mabaraza yao. Huwezi kuchukua jibu la kwanza ukalitupa la pili. Tatu, kusema kwamba KADU ilijivunja kwa hiari ni kama kusema kwamba mpangaji aliyekatiwa maji na umeme alihama kwa hiari. Ngala na wenzake walikuwa na madaraka yasiyo na bajeti na wapiga kura waliokuwa wakidai shule. Walichagua kuingia ndani ambako fedha zilikuwa. Naweza kuwalaumu kwa hilo, na hasa wale ambao baadaye, wakiwa juu, waliukaza mfumo uleule uliowanyonga. Lakini siwezi kuuita uamuzi wao kura ya wananchi.

Haya yote yanatufikisha kwenye leo kwa njia iliyonyooka kuliko wengi wanavyodhani. Walioandika Katiba ya 2010 walijifunza somo la 1964, lakini walijifunza nusu yake vizuri kuliko nusu nyingine. Mlango wa mabadiliko waliufunga kwa kufuli: chini ya kifungu cha 255, malengo, kanuni na muundo wa ugatuzi havibadilishwi bila kura ya maoni. Hakuna Ngala wa leo anayeweza kusimama asubuhi moja na kuzimaliza kaunti. Dirisha la fedha nalo walilizungushia nondo, ila nondo hizo zina nafasi za kupitisha mkono. Kifungu cha 203 kinazihakikishia kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini hesabu hufanywa kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, na limekuwa likichelewa kwa miaka kadhaa, mgao unaopimwa kwa mapato madogo ya zamani huonekana asilimia kubwa kuliko ilivyo, na msemaji wa Hazina husimama kutangaza kwamba kaunti zinapewa kupita kiwango. Ni kweli kihesabu, na inapotosha. Kifungu cha 219 kinasema fedha za kaunti zipelekwe bila kucheleweshwa isivyostahili na bila kukatwa. Na bado wauguzi wa kaunti hukaa bila mishahara, wagavi wa dawa hudai malipo ya miaka, na kaunti hufunga mwaka wa fedha zikiwa zinadai miezi ya nyuma. Hayo ni mazoea ya 1964 yakiwa yamevaa suti ya 2010.

Najua jibu ambalo msomaji analo mdomoni: magavana wenyewe ni wezi. Wapo walioshtakiwa, na wengine wangestahili kushtakiwa. Mkaguzi Mkuu huandika kila mwaka juu ya miradi hewa, na mwananchi ana haki ya kukasirika. Lakini katiba ilitoa dawa ya ugonjwa huo: kifungu cha 225 kinamruhusu waziri wa fedha kusimamisha hadi nusu ya fedha za kaunti iliyovunja masharti makubwa, kwa muda maalumu na kwa idhini ya Bunge. Dawa hiyo hutolewa kwa mgonjwa mmoja, kwa jina, hadharani. Kuzichelewesha kaunti zote 47, iliyoiba na isiyoiba, bila tangazo na bila idhini ya yeyote, ni jambo tofauti kabisa, na halimzuii mwizi, humpa kisingizio. Gavana asiyejenga zahanati husema fedha hazijafika, na mara nyingi huwa anasema kweli, kwa hiyo hatuwezi kumtenganisha mvivu na aliyenyimwa.

Hali kadhalika mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ambao mahakama imeuona zaidi ya mara moja kuwa unakiuka katiba na ambao mwaka 2025 wabunge walitaka kuuingiza ndani ya Katiba yenyewe. Usitazamwe tu kama ulafi wa wabunge. Utazamwe kama barabara ya pili inayojengwa sambamba na ya kwanza, kutoka Nairobi moja kwa moja hadi kijijini, ikilikwepa baraza la kaunti. Mwaka 1964 mwananchi wa Kilifi aliambiwa asubiri katika mlango mmoja akapewa katika mwingine, na hatimaye mlango wa kwanza ukafungwa kwa kukosa wa kuubisha. Mzazi anayepata karo ya mwanawe kutoka kwa mbunge hana kosa lolote kuipokea. Ila mbunge anayempa karo hiyo ndiye huyohuyo anayepiga kura ya kupunguza mgao wa kaunti yake, na mwakilishi wadi anayepaswa kumjibu mzazi huyo hana cha kumjibu nacho.

Kwa hiyo mvutano wa mwaka huu ukianza, kiasi cha mabilioni kitakachotangazwa ndicho kitu cha mwisho ninachokitazama. Natazama kwanza mwaka wa hesabu zilizotumiwa kupiga asilimia 15, kwa sababu hapo ndipo mgao hupungua kabla haujajadiliwa. Kisha natazama ratiba ya malipo ambayo Seneti huidhinisha, na kuilinganisha na tarehe ambazo fedha ziliingia kweli katika akaunti za kaunti, tarehe ambazo Mdhibiti wa Bajeti huzichapisha na ambazo ni magazeti machache sana huziandika. Seneti ya kwanza ilikuwa na kura za kutosha kuzuia mabadiliko ya katiba, na haikuwa na njia ya kuilazimisha Hazina kulipa. Ya leo inaweza kuipatia nchi njia hiyo kwa sheria ya kurasa chache: fedha zikatwe kutoka Mfuko wa Pamoja na kutumwa zenyewe kila robo ya mwaka, bila sahihi ya afisa yeyote wa Hazina kuhitajika, na anayetaka kuzizuia ndiye aende Bungeni kueleza sababu.